Skola Hakuonja Ulanzi

Kama una mtoto anayesinzia akiwa amesimama, anayepepesuka asubuhi, kisha jioni akaomba daftari lake kana kwamba hakuna kilichotokea, keti usome. Nimeandika kwa ajili yako. Mimi si nesi wala mganga. Ni mama wa Namswea, wilaya ya Mbinga, mkulima wa kahawa na mahindi na muuzaji wa ulanzi. Binti yangu Skolastika, ambaye nyumbani tunamwita Skola, aliugua ugonjwa ambao madaktari wengi waliotupokea walikuwa wameusoma vitabuni tu. Leo ni mzima. Neno hilo huwa nalitamka kwa sauti, na anayeona najivuna aone hivyo hivyo, maana najivuna kweli.

Mimi si mzaliwa wa milimani. Kwetu ni Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa. Nilipoolewa na Kosmas, Mmatengo, nilihama kutoka kwenye mchanga na joto nikaja kwenye baridi na ukungu. Mama yangu aliona nimetupwa, akawa ananitumia gunia la usipa, vile visamaki vidogo vya ziwani vinavyoanikwa juani mpaka vikakauka. Gunia likifika, nyumba nzima inajua leo Mnyasa amepata salamu kutoka kwao. Tulikuwa tunavila zaidi Ijumaa, na kipindi cha Kwaresima karibu kila siku, maana sisi ni Wakatoliki na nyama tunaiweka kando.

Sasa, Kwaresima huangukia wakati wa mvua, na wakati wa mvua ndio msimu wa ulanzi. Mianzi michanga inakatwa ncha, maji yake yanatiririka kwenye kibuyu, na kufikia jioni yamekuwa pombe. Kosmas alikuwa na milanzi, ndiyo mianzi hiyo, mingi bondeni. Yeye aligema, mimi niliuza hapo hapo uani. Hayo mambo mawili, usipa na ulanzi, kuja wakati mmoja, ndiyo yaliyotupotezea muda.

Skola alikuwa ameanza shule mwaka uliotangulia. Alikuwa mwepesi wa kushika. Ila kuna siku alikuwa anaamka mzito, macho hayaoni mbali, ukimwuliza neno anakujibu jingine. Anakaa hivyo siku moja au mbili, kisha anarudi kuwa Skola. Zahanati walisema malaria. Akapewa klorokwini, ikamwasha mwili mzima akajikuna mpaka ngozi ikachubuka, na usingizi ukabaki pale pale. Wakasema minyoo. Akameza dawa ya minyoo. Nilikuwa nakaa kwenye lile benchi la zahanati mpaka mbao zake zikanizoea.

Siku moja ya Kwaresima, mwalimu wake aliniita shuleni. Nilimkuta amesimama mlangoni, na ndani nikamwona mwanangu amelaza kichwa juu ya dawati.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Skola. Mtoto umempa nini leo?"

"Uji."

"Uji wa nini?"

"Wa mahindi, Mwalimu. Kwani huku kwetu kuna uji wa nini mwingine?"

Hakucheka. Aliniambia, "Msogelee. Mnuse mdomo."

Nilimsogelea. Harufu ilikuwapo, siwezi kuikataa. Ilikuwa tamu tamu, ya kitu kilichochacha. Watoto wengine walikuwa wanatazamana na kubana vicheko. Mmoja akasema pole pole, lakini nilimsikia, "Kwao wanauza."

Nilimbeba mwanangu mgongoni, mtoto mkubwa vile, nikapita naye katikati ya kijiji. Kabla ya jua kuzama habari zilikuwa zimefika kila mahali. Mama Skola anamlewesha mtoto. Wateja wangu, wale wale waliokuwa wanaondoka kwangu wakiimba, ndio walionitania kwamba naandaa mteja wa kesho. Niliwajibu vizuri, nina mdomo, lakini usiku nilikuwa nalia. Mwanangu alikuwa hajawahi kuonja ulanzi hata wa kidole. Nilikuwa nalijua hilo kama ninavyojua jina langu, na sikuwa na namna ya kulionyesha.

Baada ya Pasaka akaja wifi yangu Agata, dada mkubwa wa Kosmas. Yeye anakaa Mbinga mjini, ni kiongozi wa akina mama kanisani, na pombe haijawahi kuvuka kizingiti cha nyumba yake hata siku ya harusi ya mwanawe. Alikaa kwenye kigoda, akakataa chai.

"Wifi," akasema, "sikuja kugombana. Nimekuja kumchukua mtoto. Akae kwangu, asome mjini, mbali na vibuyu."

"Mtoto hanywi."

"Sisemi unampa wewe. Lakini mtoto akilala penye pombe, pombe inamfuata."

Nilimgeukia Kosmas. Nilitaka aseme neno moja tu. Alikuwa anatazama miguu yake, na aliendelea kuitazama mpaka nikajua jibu. Skola akaondoka kesho yake amevaa gauni jipya la mitumba alilonunuliwa na shangazi yake, huku akinipungia mkono. Sikuzungumza na mume wangu siku nyingi. Chakula nilimpikia, maji ya kuoga nilimwekea, ila maneno nilimnyima.

Msimu wa ulanzi ukaisha, mvua zikakatika, kahawa ikaiva. Ilikuwa ile miaka ambayo wanunuzi binafsi walianza kupanda kwetu na malori yao, chama cha ushirika kikiwa kinakoroma, na kila mtu anauliza bei kwa jirani. Dereva mmoja wa malori hayo ya kahawa ndiye aliyeniletea ujumbe nikiwa shambani na kikapu kiunoni. "Mama Skola, wifi yako anasema uje. Mtoto haamki."

Nilipanda lori lile lile, juu ya magunia. Kosmas alipanda nyuma yangu bila kuulizwa. Mjini tulimkuta Agata mlangoni kwake, kilemba kimelegea, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alinishika mikono yote miwili.

"Wifi," akasema, "hapa kwangu hakuna pombe."

Alilisema hilo tu, lakini mimi nililisikia lote. Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa tayari nimepita kwenda ndani. Skola alikuwa kitandani, amepungua mashavu, na ile harufu imejaa chumba. Nilipomwinua mikono yake ilikuwa inapigapiga hewani yenyewe, kama anafukuza inzi. Alifungua macho akaniita Shangazi.

Tulimpeleka Songea siku hiyo hiyo, sisi watatu na yeye. Hospitalini tulikaa kwenye benchi refu ukumbini, Skola amelala juu ya mapaja yetu, kichwa kwangu, miguu kwa Agata. Watu waliingia na kutoka. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto anayeumwa kifua alitugawia chai ya kwenye chupa yake bila kutuuliza sisi ni nani. Chai ile mpaka leo naikumbuka utamu wake.

Aliyetuona alikuwa daktari mwanamke, mdogo kwangu kwa umri. Alinipa shikamoo kwanza, ndipo akavuta kiti. Alimpima Skola, akamnusa mdomo, na mimi nikajikaza nikisubiri swali la pombe. Hakuliuliza. Aliuliza, "Nyumbani anakula nini?"

"Ugali na mboga," nikasema. "Ijumaa usipa. Kwaresima usipa zaidi."

"Na anazidiwa lini?"

Nilihesabu siku kwa vidole. Jumamosi. Siku zote nilikuwa nasema Jumamosi mtoto huyu mvivu, hataki kufagia. Na Kwaresima ndiyo aliyolala darasani.

Daktari akamgeukia Agata. "Na kwako, mama?"

"Mimi nilimlisha vizuri!" Agata akasema, na sauti ikaanza kumvunjika. "Alikuja amekonda. Nikampa samaki, nikampa nyama, mayai, kila siku. Kila siku, Daktari."

Tulitazamana, mimi na wifi yangu. Daktari akasema tumlaze.

Wodini walimwekea dripu, wakampa uji mwepesi, na baadaye ugali na majani ya maboga. Samaki hapana, nyama hapana, yai hapana. Akapewa na dawa ya maji, tamu kama sharubati, ya kumfanya aende chooni mara kwa mara. Haikupita muda mrefu akageuza kichwa kwenye mto akasema, "Mama, hapa ni wapi? Mbona Shangazi amelala chini?" Agata alikuwa kweli amelala chini, kwenye mkeka, yule mama mwenye heshima zake, miguu imetokeza uvunguni mwa kitanda. Tulicheka mpaka nesi akatukanya.

Halafu daktari akaniomba jambo gumu. Alitaka mtoto ale samaki mara moja, pale pale wodini, yeye akiwapo, aone kwa macho yake. Niliona kama ananiambia nimpe mwanangu sumu. Lakini alieleza kwa utulivu, na Kosmas akasema tukubali. Mimi ndiye niliyemlisha. Alikula kwa furaha, maskini, akaomba hata kichwa cha samaki. Siku iliyofuata macho yalikuwa mazito na ile harufu imerudi.

"Si pombe, mama," daktari akasema. "Ni nini hasa bado natafuta, lakini si pombe."

"Sema tena," nikamwambia. "Wifi yangu yuko mlangoni. Sema tena asikie."

Akasema tena, kwa sauti. Agata akajifunika uso kwa kanga. Mimi nilisimama wima katikati ya ile wodi, na kama kungekuwa na kengele ya kanisa karibu ningeipiga.

Baadaye walimpaka mafuta baridi tumboni na kumpitishia chombo cha kupiga picha za ndani ya mwili. Daktari alirudia rudia mahali pamoja, akamwita mwenzake, wakanong'onezana. Kisha akatuita mimi na Kosmas tutazame kwenye kioo cha mashine. Mimi niliona mawingu tu. Alituambia kwamba damu inayotoka kwenye matumbo, ikiwa imebeba chakula, inatakiwa kupita kwanza kwenye ini isafishwe. Skola alizaliwa na mshipa wa ziada, ambao unachukua ile damu na kuipitisha kando ya ini. Uchafu wote wa samaki na nyama unakwenda moja kwa moja kichwani. Ndiyo maana analewa.

Kosmas alisogea karibu na kile kioo. Akauliza, "Kwa hiyo ni mfereji unaopita pembeni ya ngoro?"

Daktari hakuwa mtu wa kwetu, ikabidi Kosmas amweleze. Sisi huku tunalima kwenye miteremko mikali, na tunachimba mashimo shambani, shimo baada ya shimo, yanayoitwa ngoro. Mvua ikinyesha, maji yanaingia kwenye ngoro, yanatulia, udongo unabaki, na maji safi yanazama taratibu. Lakini ukiacha mfereji pembeni, maji yote yanaufuata huo, yanashuka na matope yake mpaka bondeni, na ngoro zako zinabaki kavu.

"Ndivyo ilivyo hasa," daktari akasema. "Na ini lake limebaki dogo, kwa sababu maji hayalifikii."

Nilimwuliza swali nililolibeba siku zote. "Nilikula nini nikiwa na mimba yake?"

"Hukula chochote, mama. Amezaliwa hivyo. Hakuna aliyemfanyia."

Kama wewe ni mama na hujawahi kuambiwa maneno hayo, mimi nakuambia sasa. Hakuna aliyemfanyia. Yaweke moyoni, maana watakaokuambia vingine ni wengi.

Nyumbani tulirudi na masharti. Nyumba nzima iliacha samaki, kwa sababu nisingeweza kumwambia mtoto asile huku sisi tunatafuna. Nililirudisha gunia la usipa Lituhi. Mama yangu alikasirika kweli kweli, akatuma mtu kuuliza kama siku hizi mimi ni Mmatengo kiasi cha kudharau ziwa. Krismasi majirani walichinja jogoo, Skola akasikia harufu, akaenda kukaa nyuma ya nyumba peke yake. Kosmas alimfuata na ndizi mbivu, wakala wote wawili kimya. Na ile dawa tamu ilimfanya akimbie chooni katikati ya somo, lakini mwalimu alikuwa amekwisha kuambiwa, akawa anamwachia mlango wazi. Siku nyingine alikuja mwenyewe uani kwetu, akasimama penye vibuyu vyangu, akasema, "Mama Skola, nilikukosea." Nilimkaribisha kiti. Nilimkaribisha na ulanzi pia, akanywa.

Mwandiko wa Skola ulinyooka. Herufi zilizokuwa zinapanda na kushuka kama njia ya kwetu zikakaa juu ya mstari.

Kuhusu fedha za safari ya Dar es Salaam, tulikoelekezwa na daktari wa Songea akafanyiwe upasuaji, sitasema mengi. Mwenye mgonjwa anajua. Ilikuwa miaka ya kuchangia matibabu, tukaambiwa hata glavu na nyuzi tujitafutie. Agata alizunguka jumuiya zote za parokia na kilemba chake kimefungwa barabara, na alivyokuwa mtu wa kuheshimiwa hakuna aliyethubutu kumnyima.

Dar es Salaam joto lilinikumbusha Lituhi. Tulisubiri sana: kwenye korido, mbele ya madirisha, chini ya feni isiyozunguka. Mama mmoja wa Tanga, mwanawe alikuwa kitanda cha pili, alinisuka nywele ili tu mikono yangu itulie. Alipomaliza akanifumua akaanza upya.

Daktari wa upasuaji alikuwa mzee mfupi mwenye haraka. Alituambia hawezi kuufunga ule mshipa wote kwa mara moja, kwa sababu njia za ndani ya ini ni nyembamba na hazijazoea damu nyingi. Ataubana kwanza, tukae, ini likue, kisha turudi aufunge kabisa.

"Sawa kabisa," Kosmas akasema. "Mfereji wa zamani huwezi kuuziba siku moja mvua zikiwa zimeanza. Maji yote yakigeukia ngoro kwa ghafla, kingo zinabomoka."

Daktari aliacha kutembea. "Mzee, umesomea wapi?"

"Umatengoni," mume wangu akajibu, bila kucheka.

Siku ile nilimsamehe mambo mengi.

Alipasuliwa mara ya kwanza mvua za vuli zikinyesha pale jijini. Alitoka na plasta kutoka kifuani hadi kitovuni, midomo mikavu, akaomba maji kwa sauti ya kunong'ona, nikachovya pamba na kumlowesha. Tulirudi mlimani tukakuta mahindi yamefika magotini. Mwaka ukazunguka. Alianza kunenepa mashavu, akaanza kunijibu, akaanza hata ukaidi, na mimi kila akiwa mkaidi nilimshukuru Mungu. Tuliporudi Dar baada ya kuvuna kahawa, picha zilionyesha ini limekua. Wakamfungua palepale penye kovu na kuufunga ule mshipa wote. Safari hii aliumwa zaidi, tumbo likajaa maji, na kuna siku mbili tatu sikuweza kusali, nilikaa tu nimeshika kidole chake cha mguu. Kisha maji yakapungua, na akamwuliza yule daktari mzee kama anajua kuchimba ngoro.

Tulikwenda Songea mara kadhaa kumwonyesha. Mara ya mwisho ilikuwa mwanzoni mwa Kwaresima. Yule daktari wetu mwanamke alipitisha kile chombo, akatabasamu, akasema sasa ale kila kitu.

"Kila kitu?"

"Kila kitu, mama. Hata usipa."

Nilituma ujumbe Lituhi. Mama yangu alijibu kwa gunia lililoshonwa mara mbili.

Nilingoja Ijumaa. Ningeweza kumpa siku nyingine yoyote, lakini nilitaka Ijumaa ya Kwaresima, mvua inanyesha, vibuyu vya ulanzi vimejaa uani, yaani kila kitu kiwe kama kilivyokuwa. Agata alikuja kutoka mjini. Niliukaanga usipa kwa nyanya na kitunguu, nikaweka sahani mbele ya Skola, tukakaa kumtazama watu wazima watatu kana kwamba ni sinema. Alitafuna wa kwanza. Akatutazama mmoja mmoja.

"Mbona ninyi hamli?"

Tukaanza kula. Alimaliza sahani yake, akala na nusu ya sahani ya baba yake.

Nilikusudia kutolala. Nilikaa kando ya kitanda chake nikimsikiliza anavyopumua, nikamnusa mdomo sijui mara ngapi. Ulinuka samaki, samaki wa kawaida tu. Alfajiri uchovu ukanizidi, nikaegemea ukuta.

Nilizinduliwa na mkono begani. Jua lilikuwa limeingia ndani. Nje nilisikia Agata na Kosmas wakizungumza, na uani kulikuwa na alama mbichi za ufagio. Skola alikuwa amesimama mbele yangu, ameoga, sare imenyooka ingawa ilikuwa Jumamosi, macho meupe yanang'aa. Aliinama akaninusa mdomo, taratibu, kama alivyoona nikimfanyia yeye miaka yote ile.

"Mama, amka," akasema. "Umelewa?"